Karatasi Mbili Kwenye Bahasha ya Nafula

Nafula, mjukuu wangu, kitinda mimba wa nyumba yangu ingawa sikukuzaa,

Sitakuuliza kama u mzima, nimekuona asubuhi ukila mihogo ya watu wawili. Mimi pia ni mzima, isipokuwa goti. Umeenda Komarock kumuaga mama yako mdogo, na nimekuambia usirudi kabla ya saa kumi na moja kwa sababu nataka nyumba iwe kimya. Mkono wangu ni wa darasa la tatu na ngumbaru, yale masomo ya jioni ya sisi wazee, kwa hiyo barua kwangu ni kama kulima shamba la mawe. Nimeanza tulipotoka kanisani. Sasa ni saa nane na ndio kwanza nimemaliza kukusalimu.

Kesho unapanda basi la Kitale. Sitakuandikia habari za sweta wala za kuchemsha maji. Kama huna akili ya kuvaa sweta Kitale, barua haitakupa.

Nataka tuongee juu ya karatasi. Ile yenye mhuri wa Mzee Barasa, iliyo kwenye bahasha yako ya kaki pamoja na diploma. Kesho kutwa utaketi mbele ya mwenye ile stoo ya mahindi, na mama yako mdogo alituambia wazi alichosema kwenye simu: aje na cheti, na aje na karatasi ya mahali alipofanyia mazoezi ya kazi. Utatia mkono kwenye bahasha, na mkono wako utashika uongo wangu. Mimi ndiye niliyeutafuta, nikaubeba, nikakukabidhi. Kuna sehemu yake moja ambayo wewe huijui. Nimeishi nayo mwaka mzima na zaidi.

Lakini kwanza nikueleze kwa nini mimi hupenda karatasi, usije ukadhani nilizaliwa mjinga.

Babu yako alikoroga sabuni kiwandani miaka kumi na minne. Alijua kwa pua tu kama sabuni imeiva. Siku moja wakamletea kijana aliyetoka shule, wakamwambia amfundishe, naye akamfundisha vizuri, maana babu yako hakuwa na choyo. Mwaka haukuisha, kijana akafanywa nyapara. Babu yako alikuja nyumbani, akakaa pale kwenye kiti chenye mguu mfupi, akaniambia, "Nilimfundisha kushika mti wa kukorogea. Leo ameniuliza kwa nini nimechelewa dakika tano." Nikamuuliza, "Yeye ana nini ambacho wewe huna?" Akasema, "Ana karatasi."

Neno hilo liliniingia kama mwiba na sikulitoa. Mama yako alipofariki ukaja kwangu na miaka yako sita na viatu vya kushoto viwili, niliapa kwamba wewe utakuwa na karatasi. Ulipoitwa kwenye chuo cha biashara mjini, nilitembea mtaa wote wa Huruma nikisema "biashara" kama mtu aliyejifunza neno la Kizungu. Mama Achieng' wa samaki akaniuliza, "Biashara ya nini?" Nikamwambia, "Si ya kitu. Ni biashara yenyewe." Akaendelea kukwangua magamba. Nilimwona mshamba siku hiyo. Sasa nadhani aliuliza swali ambalo mimi nilipaswa kuuliza kabla ya kulipa karo.

Unakumbuka sheria yangu. Mtoto wa chuo hagusi ndizi. Utomvu wa ndizi ukiingia kwenye blauzi nyeupe hautoki, ufue kwa sabuni, kwa ndimu, kwa maombi. Ulikuwa ukinikuta kwenye kibanda changu cha ndizi unataka kunisaidia kushusha mkungu, na mimi nakufukuza kama kuku. "Nenda kasome." Wewe unasema, "Kukhu, nimemaliza kusoma." Nami nasema, "Basi soma tena." Miaka miwili uliisoma biashara ukiwa hatua mbili kutoka kwenye biashara, na mimi nimesimama katikati na kitambaa mkononi nalinda blauzi.

Sasa hii ndiyo sehemu usiyoijua.

Mwaka wako wa mwisho, kabla ya ile miezi mitatu ya mazoezi, mwalimu wako alikuja kibandani. Mwalimu Mbithi, yule mfupi wa viatu vya vumbi. Wewe ulikuwa chuoni. Akasimama hapo na faili kwapani, akanisalimu.

"Habari ya kazi, mama."

"Nzuri. Unataka za kupika ama zilizoiva?"

"Sitaki ndizi. Nataka tuongee kidogo."

"Maneno siuzi."

Akacheka. Akaniuliza swali moja: ndizi zikibaki Jumamosi jioni, nafanya nini? Sasa mtu akikuuliza kitu unachokijua, ulimi unakimbia wenyewe. Nikamwambia zile zilizoanza madoa nampelekea mama wa maandazi, anazikanda ndani ya unga. Zile ngumu navumbika tena kwenye gunia hadi Jumatatu. Na sinunui mkungu wowote Ijumaa kabla sijajua kama kuna harusi kanisani. Nikamwonyesha jinsi ya kujua mkungu uliokatwa kabla ya wakati: ndizi zake zina kona kama penseli, haziko mviringo, na hizo hata uzivumbike namna gani zitakuwa nyeusi bila kuwa tamu. Alikuwa anaandika. Nilifurahi, sitakuficha. Hakuna mtu aliyewahi kuandika neno nililosema, isipokuwa karani wa kitambulisho.

Halafu akasema, "Mama, vitabu vyetu vinaeleza maduka makubwa ya ng'ambo. Vijana wangu wanaweza kukuchorea soko lakini hawajawahi kumwangalia mteja akiondoka mikono mitupu. Nataka Nafula na wenzake wawili wafanyie mazoezi hapa kwako, ile miezi mitatu. Nitakuja kila wiki kuwaona. Na ukikubali, uje darasani siku moja uwaambie haya uliyoniambia mimi."

Nafula, damu ilinipanda. Niliona amenitukana. Nilimwambia, "Mimi nimeuza ndizi ili huyu mtoto asiuze ndizi. Nakuletea karo mjini, wewe unamrudisha hapa nyuma ya kanisa? Na mimi nije nikufanyie kazi yako darasani? Wewe basi unalipwa kwa nini?"

Akasema pole pole, "Hilo la mwisho hata mimi hujiuliza, mama."

Nikamwambia arudi kwa mke wake. Akafunga faili. Akanunua ndizi tatu, nadhani kwa aibu, akaenda akila moja. Uliporudi jioni ukaniuliza siku ilikuwaje, nikasema, "Hakuna kitu."

Kesho yake, kabla hujaamka, nikachukua mkungu mzima wa ndizi za kupika, nikaenda nao hadi kwa Mzee Barasa kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, kule barabara ya Kangundo. Mzee wa kanisa, mtu wa heshima. Nikatoa fomu yako ya chuo, nikamweleza. Akasema, "Vizuri, aje Jumatatu tumwanzishe kwenye rangi na saruji." Nikamwambia, "Hatakuja. Wewe piga mhuri tu." Akanitazama juu ya miwani. "Mama, mtoto anasomea biashara na hataki kuona biashara?" Nikasema, "Ana kusoma kwingi." Akatazama mkungu. Akapiga mhuri.

Na hapo ndipo ukaja wazimu wenyewe. Kwa sababu majirani wana macho, nilikuambia utoke kila asubuhi na viatu vya kisigino na mkoba. Miezi mitatu, Nafula. Wanawake wa ploti, wapangaji wenzetu, wakiniuliza, nasema, "Ameanza ofisi." Na wewe unatembea hadi Komarock kwa mama yako mdogo, unakaa kwenye kochi kutazama televisheni mpaka saa kumi, unarudi umechoka na miguu ina malengelenge. Njiani ulipita mbele ya duka la Mzee Barasa kwenda na kurudi. Mlango ulikuwa wazi. Watu walikuwa ndani wakipima misumari.

Siku ile ulipoenda intaviu kule kwenye viwanda, nilifunga kula. Ulirudi, ukavua viatu, ukasema umechoka. Siku tatu ukalala mapema. Ya nne, tunaosha vyombo, ukaniuliza bila kuniangalia.

"Kukhu, misumari inauzwaje?"

"Kwa kilo. Kila mtu anajua."

"Mimi sikujua."

"Na kwa nini ujue? Wewe ni fundi?"

"Karatasi yangu inasema niliiuza miezi mitatu. Yule mama aliyenihoji akaniuliza mteja akitaka kuezeka chumba kimoja ningempa misumari gani, na ngapi. Nikamwambia kumi na mbili."

Nikaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Nikakuuliza, "Alisema nini?"

"Alifunga faili akaniambia, 'Asante, dada, tutakuita.' Kukhu, alinionea huruma. Hiyo ndiyo iliniuma."

Ungenipigia kelele siku hiyo ningejua la kufanya. Kelele naijua, mimi mwenyewe ni kelele. Lakini uliosha kikombe, ukakifunika, na kesho yake ukavaa leso yangu kuukuu, ukaja kibandani, ukashusha mkungu bila kuniuliza. Utomvu ukakuingia kwenye mkono wa nguo. Sikukufukuza. Miezi minne sasa.

Nami nikaanza kuchanganyikiwa, na mpaka leo sijatoka.

Siku ya kwanza uliniharibia kazi. Ulipanga ndizi nzuri zote mbele, zikaisha kabla ya saa sita, mchana kutwa tukabaki na zile za huzuni. Nikakuambia, "Haya ndiyo mliyosoma?" Nikakusema mbele ya wateja, na Mama Achieng' akacheka hadi akakaa chini. Nikawaza moyoni: basi karo yangu ilienda bure, vitabu ni upepo.

Lakini wiki ya tatu kulikuwa na yule msichana wa kushona nguo kiwandani, anayepita kila asubuhi, anatazama ndizi, anaenda. Mimi mtu wa namna hiyo humwita mtazamaji, sina haja naye. Wewe ukamkimbilia.

"Sasa, dada. Samahani, kwa nini huwa hununui?"

Nilitaka kukuzaba kofi. Huwezi kumuuliza mtu hivyo barabarani. Naye akasimama, akasema bila kukasirika, "Mnauza chana nzima. Mimi naishi peke yangu, zitaniozea."

Ukaja na kisu ukakata chana, ukazipanga tatu tatu kwenye sinia. Wiki iliyofuata walikuwa wasichana saba wa kiwanda hicho, wanachukua tatu tatu wakienda kazini. Nikakuuliza nani alikufundisha. Ukasema, "Mwalimu Mbithi. Alituambia anayenunua hawezi kukufundisha sana, umuulize aliyeondoka."

Nafula, mimi nimeuza ndizi zaidi ya miaka ishirini. Sikuwahi hata siku moja kumuuliza mtu kwa nini hakununua. Nilikuwa nawatukana kimoyomoyo wakienda. Sasa niambie, mimi mwenye darasa la tatu nishike lipi? Kama elimu ni upepo, hilo swali lilitoka wapi? Na kama elimu ni kitu, kwa nini uliaibishwa na msumari? Babu yako alijua kazi akakosa karatasi, akashindwa. Wewe ukapata karatasi ukakosa kazi, ukashindwa. Nilipokuwa nimeinama kupanga ndizi mtu aliigeuza dunia, na hakuna aliyeniambia.

Hivi vitu viwili nilivitenganisha kwa mkono wangu. Mwalimu alitaka kuviweka pamoja, akaja mpaka mlangoni kwangu na viatu vyake vya vumbi, nikamfukuza. Ungekaa kibandani miezi mitatu na karatasi ya kweli mkononi. Yule mama wa viwandani angekuuliza ya ndizi, na ungemjibu hadi achoke. Hilo ndilo nililokuwa nalificha. Sikulificha kwa sababu ya kukupenda, usijidanganye. Niliona aibu juu ya ndizi zangu. Ndizi hizo ndizo zilikununulia kila kitu hadi viatu vya kisigino, na mimi nikaona haya zikionekana kwenye fomu yako.

Jumanne iliyopita ulipokuwa umeenda kukata tikiti ya basi, nilifunga kibanda nikaenda chuoni kwenu. Nilimuulizia Mwalimu Mbithi, nikapandishwa ngazi za orofa nne na hili goti. Alinitambua. Nikamwambia, "Mimi nilikutukana." Akasema, "Ndiyo, mama, nakumbuka vizuri." Hakusema kwamba si kitu, na hapo nikamheshimu. Nikamuuliza kama bado anataka mtu wa kuja darasani. Akasema wakubwa wa chuo bado wanabishana naye, wanasema wazazi hawalipi karo ili watoto wafundishwe na watu wa vibanda. Nikamwambia, "Hao wazazi ni mimi." Basi Jumatano hii nakwenda. Sijui nitavaa nini. Sijui nitaanza na neno gani. Mtu husimama mbele ya watoto waliosoma akasema nini, "ndizi hizi"? Nilitaka kukuuliza kabla hujaondoka, lakini ningekuuliza ungejua nilikokwenda, na ungejua kwa nini.

Sasa nirudi kwenye bahasha.

Asubuhi ulipokuwa unaoga, niliifungua nikaitoa ile karatasi ya Mzee Barasa. Nilitaka kuichoma. Jiko lilikuwa linawaka. Nikaishika hapo juu ya makaa, halafu nikaona mkono ule ule. Mkono uliokuamulia mara ya kwanza ndio huo sasa unakuamulia mara ya pili, na mara zote mbili nasema ni kwa faida yako. Nikairudisha.

Lakini nimeweka nyingine nyuma yake. Nimeiandika mwenyewe, ukiona makosa uyavumilie:

"Mimi ni mwenye kibanda cha ndizi Huruma, nyuma ya kanisa. Nafula amefanya kazi kwangu miezi minne. Kuamka ni shida yake. Siku ya kwanza aliniharibia mauzo, hakurudia. Anajua mkungu mzuri na mbaya kwa kutazama. Anaongea na wateja sana lakini wanarudi. Kitu asichokijua anauliza, hata kama ni aibu kuuliza. Hiyo sikumfundisha mimi, ilitoka chuoni kwake. Mimi ni nyanya yake, na hilo pia lijulikane."

Mhuri sina. Nimekata chana moja mbichi, nikachovya kidole gumba kwenye utomvu, nikabonyeza chini ya jina langu. Sasa hivi ni kama maji tu, mtu atadhani ni jasho. Lakini wewe unaujua utomvu. Ukifika Kitale, utomvu utakuwa umegeuka rangi ya kahawa, na hapo hautoki tena.

Sijui mwenye stoo atapenda ipi. Nisikudanganye tena. Mhuri ni mhuri, watu huuheshimu, na sasa hata ukiulizwa misumari utasema kilo, ule uongo umeshapata miguu ya kutembea. Yangu inaweza kumchekesha akakurudisha nyumbani. Ningekuwa na hakika ningekuambia, unajua sijawahi kunyimwa maneno. Hakika sina. Nina hofu tu, kwamba ukianza na ya mhuri, kila asubuhi utapita mbele ya mlango ulio wazi kama ulivyopita miezi ile mitatu, na hutaingia.

Chagua mwenyewe. Nitaitia barua hii kwenye kitambaa cha chapati, na hutakifungua kabla ya Nakuru kwa sababu nimekifunga mafundo manne.

Usiniandikie ulitoa ipi. Nitakupenda vile vile, na sitaki kujua.

Hapana. Niandikie. Andika kwa herufi kubwa, miwani yangu unaijua, na uitume barua kwa anwani ya Mama Achieng' maana yeye ndiye mwenye sanduku la posta. Na chini yake uniambie lile la Jumatano, hata kama itafika nimeshamaliza kuaibika: mtu akisimama mbele ya darasa, huanza na neno gani?

Nasikia viatu vyako kwenye ngazi. Umerudi kabla ya saa kumi na moja. Hukuwahi kusikia unachoambiwa.

Mimi ninayekungoja hapa kwenye ndizi,
Kukhu